Mvuke wa Petroli Katika Injini Ndogo za Nakuru

Petroli hupotea hata injini ikiwa imezimwa. Tangi likipigwa na jua, mvuke hutanuka na kutoka kupitia tundu la kifuniko. Usiku tangi hupoa na kuvuta hewa, kisha kesho yake hali hujirudia. Tangi la plastiki ya kawaida nalo hupenyeza petroli kidogo kidogo kwenye kuta zake, na mpira unaopeleka mafuta kwenye kabureta vivyo hivyo.

Nakuru, iliyo takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ina kanieneo dogo la hewa, hivyo petroli hugeuka mvuke kwa wepesi zaidi. Pampu za kumwagilia mboga, mashine za kukatia nyasi na jenereta hushinda juani, kisha hupitisha usiku wenye baridi. Mvuke wa petroli una benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Vilevile, ukikutana na oksidi za nitrojeni kwenye mwanga wa jua, huzalisha ozoni inayodhuru mapafu na mazao.

Marekani ilishughulikia suala hili mwaka 2008. Kanuni zake za injini ndogo ziliweka kikomo cha petroli inayopenya: gramu 1.5 kwa siku kwa kila mita mraba ya ukuta wa tangi, na gramu 15 kwa mipira ya mafuta. Kenya ina kanuni za ubora wa hewa, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, lakini uzito wake mkubwa umeelekezwa kwenye viwanda na magari.

Je, vikomo vya Marekani vichukuliwe kama vilivyo? Wanaopinga wana hoja nzito: bei ikipanda, anayeumia ni mkulima mdogo wa Njoro au Bahati. Tena, petroli nyingi hupotea inapomiminwa kutoka kwenye jerikeni. Isitoshe, kifuniko cha tangi kikipotea, mara nyingi tundu huzibwa kwa kitambaa, na hapo kipimo cha kiwandani hakina maana tena.

Hoja hizo zinadai mpangilio mzuri wa hatua. Hazihalalishi kukaa kimya. Pampu nyingi zina tangi la chuma, ambalo halipenyezi petroli. Hizo hazihitaji kipimo cha kuta. Kinachofaa kutangulia ni vifuniko, mipira na jerikeni, vikiwemo vipuri vinavyouzwa madukani, kwa kuwa ndivyo fundi wa jua kali hutumia kila siku. Matangi ya plastiki yafuate baada ya muda wa maandalizi.

Ukaguzi nao ufanyike kabla bidhaa hazijaingia nchini, kupitia utaratibu ambao shirika la viwango la Kenya, KEBS, limekuwa nao tangu 2005. Kwa njia hiyo wajibu utamwangukia mwagizaji, mwenye uwezo wa kuchagua kiwanda. Mkulima hatasumbuliwa shambani, na petroli aliyoilipia itabaki kwenye tangi lake badala ya kuingia mapafuni mwa watoto wake.