Usiopona Nao ni Ugonjwa wa Hospitali

Hakuna kauli iliyowaumiza wagonjwa wa mkoa wetu wa Njombe kama hii: "Huu si ugonjwa wa hospitali." Utaisikia Njombe mjini, utaisikia Makambako, utaisikia Wanging'ombe na Makete. Husemwa kwa sauti ya chini, aghalabu na mtu mzima anayeheshimika, na ikishasemwa mjadala umefungwa. Mgonjwa anatolewa wodini, anapakiwa kwenye Noah, safari ya kwa mganga inaanza. Kauli hiyo ni ya uongo, na umefika wakati tuwaambie hivyo wazee wetu, kwa heshima yao yote.

Malaria siku hizi haina ubishi. Kuvunjika mguu hakuna ubishi. Kauli hii imewekewa mgonjwa wa aina moja: yule ambaye mkono umeanza kutetemeka akiwa amekaa tu, hatua zikafupika, uso ukakosa tabasamu, sauti ikafifia. Au yule ambaye nyama ya kiganja inapungua mwezi hadi mwezi mpaka hawezi kufunga kifungo cha shati, ulimi unakuwa mzito, na maji ya kunywa yanampalia. Hana homa wala kidonda. Mwanzoni majirani husema kalewa ulanzi. Akikonda, wanasema ameungua. Akipimwa VVU na kukutwa hana, basi amerogwa.

Wanaoamini hivyo wana hoja moja ya kweli: "Vipimo havioni kitu." Mgonjwa anapimwa damu na mkojo, anapigwa eksirei, kila kitu safi. Anapewa vitamini na diklofenaki, anarudi nyumbani. Akirudishwa hivyo mara kadhaa, ukoo unauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: kama mashine hazioni ugonjwa, ni ugonjwa gani huu?

Jibu lipo. Ugonjwa wa Parkinson, ambao daktari Mwingereza James Parkinson aliueleza mwaka 1817, hauonekani kwenye vipimo vya kawaida vya maabara, iwe hospitali ya Kibena hapa Njombe au London. Daktari anautambua kwa macho na mikono yake. Anamtazama mgonjwa akinyanyuka kwenye kiti, akitembea, akigeuka. Anamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka. Anaukunja na kuukunjua mkono wake asikie kama umekakamaa. Anampa kalamu aandike mstari mmoja, aone herufi zinavyozidi kuwa ndogo. Ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, ule ulioelezwa na Mfaransa Jean-Martin Charcot mwaka 1869, nao huanza kutambuliwa hivyo hivyo: kinyundo cha mpira kwenye goti, misuli inayochezacheza yenyewe chini ya ngozi, ulimi uliosinyaa. Kipimo cha umeme wa misuli kinasaidia, na MRI kazi yake kubwa hapo ni kuondoa shaka ya magonjwa mengine. Kwa hiyo mtu akiambiwa "vipimo viko sawa", ameambiwa habari za malaria, sukari na figo zake. Habari za neva zake hakuna aliyemwambia.

Kosa la kutoutambua ugonjwa huu si la ukoo peke yake. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu zaidi ya 160,000. Walipatikana 33 wenye Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao hakuna aliyekuwa amewahi kuwaambia wanaumwa nini. Hiyo ni Hai, ambako hospitali ya KCMC haiko mbali. Mhudumu wa afya aliyepo Makambako anayemwandikia mgonjwa vitamini badala ya kumwambia "hili silijui, nakupa rufaa" anampelekea mganga wateja.

Na kuna jambo linalonikera kuliko yote: kumtoa wodini mtu ambaye huenda angetibika. Neno la kwanza la daktari kwa wagonjwa hawa huwa ni "tunashuku". Anashuku kwa sababu yapo magonjwa yanayofanana na haya ambayo yanatibika. Upungufu wa vitamini B12 unaweza kumnyima mtu miguu. Kaswende ya miaka mingi huingia kwenye ubongo. Kifua kikuu hukaa kwenye uti wa mgongo bila kikohozi. Pingili za shingo husogea zikabana uti wa mgongo, mikono ikalegea na miguu ikakaza. Pombe nyingi na chakula kidogo humaliza vitamini B1. Hata dawa ya kuzuia kutapika kama metoclopramide, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, huweza kumtetemesha mtu mithili ya mwenye Parkinson, na zikisimamishwa na daktari hali ikapungua. Kwa mwenye kifua kikuu cha uti wa mgongo, wiki anazolala kilingeni ndizo zinazoamua kama atatembea tena. Anachanjwa chale, anafukizwa, anafungwa hirizi, na huku uti wa mgongo unabanwa.

Sasa tumtazame anayeuguza. Namfahamu mama mmoja wa Makambako, muuza mchele na maharage, ambaye mumewe alikuwa mpasua mbao. Mkono wa kulia ulipokosa nguvu ya kushika msumeno, ukoo ulikaa kikao. Shamba la paina, miti bado michanga, likauzwa kwa mnunuzi wa kwanza aliyepita ili zipatikane pesa za mganga. Mganga alipiga ramli akasema aliyemfunga analala naye kitanda kimoja. Tangu siku ile mawifi hawali kwake. Shemeji zake wakija kumwona kaka yao wanasimama mlangoni.

Mwanamke huyo huyo ndiye anayemlisha. Amejifunza mwenyewe kwamba maji matupu yanampalia mumewe kuliko uji mzito. Anamkalisha wima, mto mgongoni, anamwambia ainamishe kidevu kuelekea kifuani, anampa kijiko cha chai kimoja, anangoja ameze na mdomo uwe mtupu ndipo ampe kingine. Mlo mmoja unachukua muda wa kuivisha maharage. Usiku anaamka kumgeuza ubavu ili ngozi ya nyonga isichubuke, na Julai, baridi ya huku inapokakamaza hata misuli mizima, anaamka zaidi. (Niseme na hili kwa kila anayeuguza Njombe: jiko la mkaa lisiingie chumbani kwa mgonjwa, hata kama baridi inauma vipi. Hewa yake haina harufu na inaua.) Hayo yote anayoyafanya mama huyu ni tiba. Wataalamu wa kumeza katika hospitali kubwa huwafundisha wagonjwa wao mambo hayo hayo: uzito wa chakula, mkao, kidevu, subira. Mama huyu alistahili kufundishwa na kupongezwa. Alichoambulia ni kuitwa mchawi.

Tukumbushane kwamba Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu mwaka 1928, inamfanya mkosaji anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi. Na Njombe hatuhitaji kuelezwa imani hizi zinaishia wapi. Januari 2019 jina la mkoa wetu lilisambaa duniani kwa sababu ya watoto waliotekwa na kuuawa, na viongozi wa serikali wenyewe walihusisha mauaji hayo na ushirikina.

Mwanamke naye akiugua hadithi hugeuka. Mume anaambiwa bado kijana, atafute wa kumpikia. Mgonjwa anarudishwa kwao akauguzwe na mama yake mzazi, bibi wa miaka sabini. Ukoo uliokuwa tayari kuuza shamba la miti kwa ajili ya mwanamume haupati hata nauli ya kumfikisha huyu Mbeya.

Watu huniambia: "Lakini huko hospitali nako hawaponi." Ni kweli. Parkinson haiponi, na ugonjwa wa neva za misuli mara nyingi huondoka na mtu ndani ya miaka michache. Ila VVU navyo haviponi. Utafiti wa mwaka 2011/12 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 14.8 kwa watu wa miaka 15 hadi 49, juu kuliko mkoa wowote nchini, na mpaka leo tunaongoza. Wa kwanza kufa tuliwazika tukisema wamerogwa. Zikaja ARV za bure mwaka 2004, wakaja wahudumu wa majumbani, na leo hakuna anayemtoa mtu kliniki ya CTC kwa kuwa hatapona. Anakunywa dawa, analima viazi, anasomesha. Sukari haiponi, presha haiponi, na wazee wetu wanahudhuria kliniki kila mwezi. Kwa nini kutopona kuwe ushahidi wa uchawi kwa mtu anayetetemeka peke yake?

Chukua mfano wa bondia Muhammad Ali, aliyekuja Dar es Salaam Februari 1980 kama mjumbe wa Rais Jimmy Carter wa Marekani. Mwaka 1984 madaktari walimwambia ana Parkinson. Alikuwa na pesa na madaktari wa Marekani yote, na hakupona. Aliishi miaka 32 zaidi, akameza dawa, akawasha mwenge wa Olimpiki wa Atlanta mwaka 1996 mbele ya dunia huku mkono ukitetemeka, na mkewe Lonnie akawa naye hadi kifo chake mwaka 2016. Levodopa, dawa kuu ya ugonjwa ule, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haiondoi ugonjwa, lakini humrudishia mtu hatua zake kwa miaka. Anayeambiwa kwenye maombezi atupe vidonge hivyo ili aonyeshe imani anahatarishwa maisha, kwa sababu kuviacha ghafla kunaweza kumkakamaza mwili mzima na kumpandisha homa kali. Wachungaji, ombeeni wagonjwa, lakini dawa ziacheni mikononi mwao.

Hata pale ambapo hakuna dawa ya kurefusha siku, hospitali bado ina kazi: kuzuia kupaliwa, kutibu nimonia mapema, kupunguza maumivu na kukakamaa, kumfundisha mke kumnyanyua mume bila kujivunja mgongo. Hiyo ndiyo tiba shufaa, na hospitali za KKKT nchini zimekuwa zikiifanya.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiona mwenzako anatetemeka, anabadilika mwendo au anapaliwa na maji, andika tarehe ulipoiona dalili ya kwanza na majina ya dawa zote anazotumia. Nenda hospitali ya Kibena, Ilembula au Ikonda na karatasi hiyo. Mwambie daktari amtazame akitembea. Asipojua, omba rufaa ya Mbeya au Muhimbili, na usiondoke bila barua. Nanyi baba wadogo na shangazi, kikao kijacho cha ukoo acheni kumtafuta aliyeroga. Pangeni ni nani atalala na mgonjwa Jumamosi ili mkewe apate usingizi, na nani atatoa nauli.