Foni ya kijiji inahitaji waya, si antena ya moteri

Mwezi wa kwanza 2025, vita vilipofika Goma, umeme ulikatika, maji yakakatika, intaneti nayo ikazimika. Familia nyingi zilikaa bila habari za ndugu zao. Tangu hapo, mtu akisema foni irudi vijijini, ni vigumu kumpinga. Kosa linaanza pale pa kuchagua antena.

Macho yanakimbilia antena ya moteri. Ni nguzo fupi ya kufunga kwenye motokari. Ndani yake kuna koili, na moteri ndogo ya volti 12 inaipandisha na kuishusha mpaka antena ikubali masafa yanayotakiwa, kuanzia megahezi 3.5 hadi karibu 30. Dereva anabonyeza kitufe tu. Kwa mpenda-foni mwenye leseni, anayeita kwa alama ya 9Q huku akisafiri, ni kifaa kizuri. Kwa kijiji, ni pesa kutupwa mtoni.

Sababu ya kwanza ni milima. Antena fupi iliyosimama inatupa sauti kandokando, kuelekea mbali. Juu ya kichwa chake haitupi karibu kitu. Lakini kati ya Goma na Masisi, Walikale ama Lubero hakuna maelfu ya kilomita, kuna milima. Sauti ya kandokando inagonga mlima wa kwanza na kufia pale. Inayotakiwa ni sauti inayopanda juu moja kwa moja, ikarudishwa na tabaka la juu la anga na kushuka kama mvua juu ya mabonde yote, mpaka kilomita 300. Kazi hiyo inafanywa na waya uliotandazwa mita 6 hadi 8 juu ya udongo.

Sababu ya pili ni nguvu. Kwenye masafa ya chini, yale ya usiku, antena fupi inageuza sehemu kubwa ya nguvu ya foni kuwa joto. Batri iliyojazwa kwa shida na jua la mchana inaishia kupasha koili moto, na huko ng'ambo hakuna anayesikia.

Sababu ya tatu: moteri inakufa. Vumbi linaingia, mvua inaingia. Kipuri kinatoka Ulaya ama Marekani na kupita dwane. Waya ukikatika, kijana wa kijiji anaufunga tena asubuhi ile ile.

Wengine watajibu kwamba waya unashika masafa mamoja tu. Hapana. Hesabu ni nyepesi: gawa 143 kwa megahezi, utapata urefu wa waya kwa mita. Kwa 7.1 ni mita 20, kumi kila upande. Kwa 3.7 ni karibu mita 39. Waya zote mbili zinafungwa kwenye kebo moja, juu ya mti mmoja wa katikati, na ncha zake zinafungwa juu kuliko mkono wa mtu. Mchana watu wanaongea kwa 7, usiku kwa 3.7. Kituo kikipewa masafa mengine, hesabu ni ile ile. Mukate waya mrefu kidogo kwanza, kisha muupunguze polepole mukiangalia kipimo.

Antena moja ya moteri inauzwa mamia ya dola. Pesa hizo zinanunua waya na kebo za vijiji kadhaa. Basi wanaoshika pesa za kamati na mashirika waache kununua kitu kwa sababu kinang'aa juu ya jipu. Waombe kwanza ruhusa ya ARPTC, kisha kabla ya kusaini, wamuulize fundi swali moja tu: usiku, mtandao ukikatika, Walikale itasikika Goma? Akianza kueleza habari za kitufe, wamuache aende.