Doti Moja Mpaka Nakonde
Ukitaka kumjua mzoefu wa safari, simama stendi ya Tunduma, mpakani na Zambia, basi la Dar es Salaam linapoingia. Mgeni anahangaika na begi la magurudumu, ambayo hayana kazi kwenye vumbi na foleni ile ya malori. Mama wa biashara ameshashuka zamani, mkoba begani, anahesabu chenji yake. Ugumu wa njia hii ni hali ya hewa: Dar umetoka ukitiririka jasho, ukipita Mbozi mwezi wa 7 meno yanagongana. Wengi hujihami kwa kubeba kabati zima. Mama huyu ana gauni la kitenge lisiloonyesha uchafu, sweta la mtumba, ndala, na doti moja ya khanga. Usiku khanga ni shuka ndani ya basi, gesti ni taulo, akipakatishwa mtoto wa jirani ni mbeleko, na msiba ukimkuta njiani anajitanda anaingia, hakuna wa kumuuliza. Jinzi, kwa maoni yangu, ndiyo ya kwanza kuachwa nyumbani: nzito, na ukiifua usiku asubuhi bado inachuruzika. Mpakani nako wepesi unalipa: tangu 2019 Tunduma na Nakonde, ng'ambo ya Zambia, zina kituo cha pamoja cha forodha, kwa hiyo hukaguliwi pande zote mbili, mkoba mwepesi unafunguliwa na kufungwa fasta, na wakati wa kurudi una nafasi ya vitenge.