Zawadi ya Krismasi Hailipi Deni la Mshahara



Siku za Majilio zimefika. Makanisani mishumaa minne yawashwa, mmoja kila Jumapili, mpaka Noeli ifike. Wenzetu Wakatoliki wapanga foleni ya kitubio, kwaya zafanya mazoezi jioni, na jumuiya ndogo ndogo zasali rozari nyumba kwa nyumba. Kazini nako mwezi huu si kama miezi mingine. Viwanda vingine vyafunga, lakini kwa watu wa hoteli, mabasi, hospitali, maduka na ulinzi wa usiku, kazi yazidi. Twataka kusema neno juu ya sala hizo na kazi hiyo, kwa kuwa watu wengi huziweka mbalimbali, kana kwamba Mungu wa Jumapili si Mungu wa Jumatatu.

Chama chetu si kanisa wala msikiti. Ndani yake wamo Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu, watu wa dini za jadi, na wasio na dini. Hatumfundishi mtu jinsi ya kusali. Lakini mwanachama haachi imani yake langoni anapoingia kazini, wala haachi kadi ya chama mlangoni anapoingia kanisani. Kwa hiyo Mkatoliki akituuliza, "Sikukuu hii yanitaka nifanye nini, mimi mfanyakazi?" yafaa tumjibu.

Jibu letu ni hili: Noeli yataka haki kwanza, ndipo zawadi. Haki hiyo twamdai tajiri aliyetuandika kazi. Na haki hiyo hiyo twadaiwa sisi na yule anayetufanyia kazi nyumbani.

Tuanze na habari yenyewe kama ilivyo katika Injili ya Luka. Yosefu, ambaye Injili zamjua kuwa seremala, alifunga safari pamoja na Mariamu mwenye mimba kwenda Bethlehemu, kwa sababu Kaisari Augusto aliamuru watu wote waandikwe. Hawakwenda kutembea. Wazee wetu walioandikwa na serikali ya kikoloni kwa sheria ya mwaka 1915, kisha wakavishwa kipande shingoni, wangeielewa safari hiyo upesi kuliko sisi. Mahali pa kulala hawakupata, na mtoto akalazwa katika hori la kulishia mifugo. Watu wa kwanza kuletewa habari walikuwa wachungaji waliokuwa zamu usiku ule, wakilinda kundi. Baadaye wazazi walimpeleka mtoto Hekaluni, na sadaka yao ilikuwa ndege wawili. Sheria katika kitabu cha Walawi, sura ya 12, ilitaka mwana-kondoo. Ndege wawili waliruhusiwa kwa mtu asiyeweza kununua mwana-kondoo. Luka haelezi sana umaskini wao. Anataja sadaka, na msomaji anajua.

Basi askari wa usiku anayekaa langoni tarehe 24 Desemba, saa sita za usiku, wakati wengine wako kwenye Misa, asidhani Noeli imempita. Watu wa kwanza kuipokea walikuwa wa zamu kama yeye. Lakini mwenye lango naye asome habari hiyo hiyo, kisha ajiulize askari huyo alikula nini jioni, na kama mshahara wake wa mwezi umelipwa.

Wako wasemao kwamba padre anayetaja mishahara ameacha dini akaingia siasa. Si kweli. Tarehe 15 Mei 1891, Papa Leo XIII alitoa waraka uitwao Rerum Novarum, juu ya hali ya wafanyakazi. Alisema mambo mawili ambayo yampasa kila mwakilishi wetu kuyajua. La kwanza, wafanyakazi wana haki ya kuungana katika vyama vyao. La pili, mshahara hauwi wa haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana, kwani mtu mwenye njaa hukubali lo lote. Mshahara wa haki sharti umtoshe mfanyakazi mwenye kiasi kujitunza.

Mwaka 1955 Papa Pius XII aliifanya Mei Mosi kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II, ambaye ujanani mwake alifanya kazi katika machimbo ya mawe huko Poland wakati wa vita, aliandika waraka mzima juu ya kazi, na ndani yake akavitetea vyama vya wafanyakazi. Na Papa Leo XIV, alipochaguliwa Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba amelichukua jina hilo hasa kwa ajili ya Leo XIII na waraka wake wa 1891.

Hata hapa kwetu neno hilo limesemwa hadharani. Tarehe 27 Novemba 2015, siku mbili kabla ya Majilio, Papa Francis alifika Kangemi, Nairobi, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Alizungumza juu ya maji, ardhi na makao ya watu wa mitaa ya mabanda, akawataja pia wale wanaotaka kunyakua hata viwanja vya michezo vya shule za watoto. Waliokuwa mbele yake walikuwa watu wa kazi za kila siku, si wakubwa peke yao.

Sasa tuiseme sala. Wako wenzetu wanaocheka wakisema kwamba sala haijaongeza mshahara hata senti moja. Na wako wengine ambao, tukiwaita mkutanoni, hujibu kwamba wao wamemwachia Mungu. Hatukubaliani na kundi lo lote kati ya hayo. Tom Mboya alikuwa Mkatoliki, akasoma shule za misheni, Yala na Mangu. Na tangu mwaka 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Kenya, katika miaka migumu ya Hali ya Hatari. Imani haikumzuia kuketi mezani na matajiri na kudai. Huko Ubelgiji padre mmoja, Joseph Cardijn, aliyezaliwa katika jamaa ya wafanyakazi, alianzisha chama cha Vijana Wafanyakazi Wakristo, kilichopata umbo lake mwaka 1925. Aliwafundisha mambo matatu: kutazama, kupima, kutenda. Vijana walitazama hali ya kiwanda chao, wakaipima kwa Injili, kisha wakatenda. Sala ilikuwa ndani ya mambo yote matatu.

Wakatoliki wana sala ya Malaika wa Bwana, inayosaliwa asubuhi, adhuhuri na jioni, na kengele hupigwa. Saa hizo ni saa za kuingia kazini, za chakula, na za kutoka. Na jambo linalokumbukwa katika sala hiyo ni kwamba Mungu alitwaa mwili: mwili huu wa kuona njaa, wa kuumwa mgongo, wa kutaka usingizi. Mtu akumbukaye jambo hilo mara tatu kwa siku, kisha akamnyima mwenzake saa ya kula, inampasa aisikilize sala yake upya.

Twaja kwenye zawadi. Mwezi wa Desemba matajiri wengi hugawa unga, sukari, mafuta ya kupikia, pengine na kuku. Hatuzikatai zawadi hizo. Kutoa ni moyo, si utajiri. Lakini kulipa deni si kutoa. Tajiri anayedaiwa saa za ziada za Oktoba na Novemba, kisha akagawa pakiti mbili za unga na kupigwa picha, hajatoa zawadi. Amelifunika deni kwa unga. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mshahara wote ulipwe kwa fedha za Kenya, tena upewe mfanyakazi mwenyewe. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, awaonya matajiri kwamba ujira waliowazuilia wavunaji wao unalia, na kilio hicho kimemfikia Mungu. Waislamu nao wana mafundisho ya Mtume wao kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Katika jambo hili hakuna dini inayomtetea mcheleweshaji.

Hayo ni ya matajiri. Sasa tuingie nyumbani kwetu.

Katika wanachama wetu wako wengi walio na yaya au mtumishi wa nyumbani. Mama aingia zamu saa kumi na mbili asubuhi, baba yuko safarini, na mtoto hawezi kubaki peke yake. Kwa hiyo msichana huletwa kutoka mashambani. Siku hiyo mwanachama huwa tajiri, apende asipende. Amri ya mishahara ya mwaka 2024 iliweka kima cha chini cha Shs. 16,113.75 kwa mwezi katika Nairobi, Mombasa na Kisumu, mbali na posho ya nyumba. Yaya, mtumishi wa nyumbani, mtunza bustani na askari wa mchana wamo katika safu moja na kibarua wa kiwandani. Sheria ya 2007 yawapa pumziko la siku moja angalau katika kila siku saba, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka. Haisemi kwamba tajiri akiwa naye ni mfanyakazi, haki hizo zinapungua.

Twajua mtu atajibu: "Mshahara wangu mwenyewe haunifikishi mwisho wa mwezi. Nitamlipa kwa nini?" Swali hilo ni la kweli, na hatulidharau. Lakini tulitazame vizuri. Tajiri anapotuambia kwamba biashara ni mbaya, kwa hiyo tufanye kazi kwa nusu mshahara, twamjibu nini? Twamwambia kwamba shida yake si ruhusa ya kutula sisi. Neno hilo haliwezi kuwa kweli kiwandani na uongo jikoni. Asiyeweza kulipa mwezi mzima na apatane naye kwa siku au saa anazoweza kuzilipa. Majirani wawili au watatu waweza kushirikiana kumlipa mlezi mmoja, mshahara kamili. Na ile sehemu ya mzigo inayobaki, tuipeleke juu, kwa tajiri wetu, pamoja, katika mapatano. Tusiishushe chini kwa msichana asiye na mtu wa kumsemea.

Kanisa limeweka sikukuu ya Mtakatifu Stefano tarehe 26 Desemba, siku ya pili tu baada ya Noeli. Wengi wajua kwamba alipigwa mawe. Wachache wakumbuka kazi aliyochaguliwa kufanya. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, chaeleza kwamba wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku, na watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia wanyamaze na kusali tu. Waliita mkutano, wakataka wachaguliwe watu saba wanaoaminika, wausimamie ugawaji. Stefano alikuwa wa kwanza kutajwa. Malalamiko, mkutano, uchaguzi, na wawakilishi: mambo hayo hayakuanza na vyama vya wafanyakazi.

Basi, ndugu, twaomba mambo manne mwezi huu.

Kwanza, kila mwakilishi aitazame orodha ya zamu za tarehe 25 na 26 Desemba, ambazo ni sikukuu kwa sheria. Aandike majina ya watakaokuwa kazini, na ahakikishe malipo yao ni kama mapatano yasemavyo. Asingoje Januari.

Pili, wanaodai saa za ziada walete hesabu zao kwa mwakilishi, zimeandikwa tarehe na saa. Deni lisiloandikwa hukanwa upesi.

Tatu, mwanachama mwenye mtumishi nyumbani amlipe mshahara wa Desemba kabla hajanunua nguo za sikukuu, ampe siku zake za kupumzika, na kama aenda kwao, amlipe mapema ili apate nauli kabla mabasi hayajapandisha bei. Tena amwambie kwamba chama cha KUDHEIHA chapokea watumishi wa nyumbani kama yeye.

Nne, wale walio katika jumuiya ndogo ndogo wawatembelee wenzetu walioumia kazini au kupunguzwa mwaka huu. Wapeleke chakula, ndiyo. Lakini waulize pia kama fidia imedaiwa, na nani anaifuatilia.

Mkatoliki akishafanya hayo, aende kwenye Misa ya usiku, apige magoti mbele ya pango, aombe amani. Tutafurahi akituombea na sisi. Na asiyekuwa Mkatoliki ayafanye hayo hayo kwa jina la haki, kwani haki haiulizi mtu alibatizwa wapi.

Twawatakia nyote Noeli njema, na mshahara mkononi kabla ya sikukuu.

UMOJA NI NGUVU.