Chura Huyu, Si Chura Hiki

Sisi tunaofundisha upatanisho wa kisarufi hapa Gisimenti, Kigali, hukutana mara kwa mara na sentensi kama hii: Chura hiki kimetoweka. Chanzo chake kinaeleweka. Katika Kinyarwanda, igikeri hupatanishwa kwa kufuata kiambishi chake cha ngeli, sawasawa na vitu. Katika Kiswahili sanifu, umbo la chura/vyura ni la KI-VI, lakini uhai wake huuvuta upatanisho kwenye A-WA: Chura huyu ametoweka, Vyura hawa wametoweka.

Kwa maoni yetu, kukaririsha orodha ya kiboko, kifaru na chura hakutoshi. Kanuni hii ifundishwe kwa matini yenye uzito, na mfano tunaoupendekeza ni chura wa Kihansi, wa milima ya Udzungwa nchini Tanzania. Aligunduliwa mwaka 1996, akiishi katika eneo dogo tu lenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi. Urefu wake hauzidi sentimita 3, naye hatagi mayai bali huzaa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yalipungua mno. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2009 chura huyu alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2012 wazao wa wale waliotunzwa walianza kurudishwa Kihansi.

Katika habari hiyo moja, mwanafunzi ataona kituo kilijengwa, manyunyu yalipungua, chura alitoweka. Tofauti ya viambishi ataielewa kwa maana, si kwa kukariri.

Wapo walioona kwamba umeme wa taifa una thamani kuliko mnyama mdogo hivyo. Sarufi haiamui mgogoro huo, ila huonyesha msimamo wa msemaji. Anayesema Kijichura hiki kimetuchelewesha hajakosea upatanisho, amekusudia kudunisha. Anayesema chura hiki bila kukusudia lolote ndiye wa kusahihishwa. Mwalimu asiyetenganisha kosa na kusudi atasahihisha visivyo.

Kwa hiyo tunashauri kwamba swali la kwanza darasani lisiwe “Nomino hii inaanza na kiambishi gani?” bali “Anayetajwa ana uhai?” Umbo la nomino lijadiliwe baada ya jibu hilo.