Tuupime Udongo Kabla ya Jiwe la Msingi

Ndugu msomaji, kila inapotangazwa azma ya kujenga madrasa ya ghorofa au nyumba ya familia, fikra zetu huelekea kwenye vinavyoonekana: ramani, nondo, saruji na mabati. Ni nadra kusikia mchango ukiombwa kwa ajili ya kupima udongo. Fundi akichimba mtaro na kuukuta udongo mgumu, sote huridhika.

Kuridhika huko kuna kisa chenye mazingatio. Mwaka 1913, huko Transcona karibu na Winnipeg, Kanada, lilikamilika ghala kubwa la nafaka la zege. Wajenzi wake hawakuupuuza udongo. Waliujaribu kwa kuweka uzito juu ya bamba dogo, nao ukastahimili. Mwezi Oktoba mwaka huo, ghala likiwa linajazwa, lilianza kutitia, na katika muda wa siku moja likainama upande kwa takriban nyuzi 27. Zege halikushindwa, iliyoshindwa ni ardhi.

Sababu yake yapasa kufahamika. Bamba dogo huukandamiza udongo wa karibu tu, ilhali msingi mpana, kama ule wa takriban mita 23 kwa 59, hupeleka uzito wake chini sana. Chini ya tabaka gumu palikuwa na mfinyanzi laini, jambo lililothibitishwa na mashimo yaliyochimbwa mwaka 1951.

Kwa hiyo swali si tu kama udongo umepimwa, bali umepimwa hadi kina gani. Mhandisi wa udongo huchimba mashimo sehemu mbalimbali za kiwanja, kupita kiwango cha msingi. Hugongelea bomba la chuma kwa nyundo ya kilo 63.5 inayodondoka kutoka sentimita 76, akihesabu mapigo. Yakiwa machache, udongo ni dhaifu. Sampuli hupelekwa maabara, na kina cha maji ya ardhini huandikwa.

Nasi tunayo mitihani yetu. Udongo mweusi wa mbuga huvimba wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, ukapasua hata nyumba isiyo na ghorofa. Kifusi huweza kufunika lililokuwa dimbwi au jaa la taka. Wazee wa mtaa waulizwe palikuwa na nini, kwani kumbukumbu zao humwonyesha mtaalamu pa kuchimba. Lakini zisichukue nafasi ya kipimo.

Sisi tunaokabidhiwa daftari la michango tunajua kwamba humo mna shilingi za mama muuza vitumbua na za kijana asiye na ajira. Hiyo ni amana, na walio juu ya amana hiyo ni watoto watakaoketi ghorofani. Basi gharama ya kupima udongo iwekwe katika bajeti kabla ya mhandisi kukamilisha michoro ya msingi, na ripoti isomwe mbele ya waliochanga. Ikisema kiwanja hakifai ghorofa, hiyo si hasara: bado tunaweza kubadili aina ya msingi, kupunguza ghorofa, au kutafuta mahali pengine. Baada ya kuta kusimama, njia hizo huwa ghali mno, au huwa zimekwishafungwa.

Wabillahi tawfiq.