Waraka kwa Wenye Magari wa Unguja na Pemba



Ndugu zangu, nakuarifuni kwamba sisi tulioko huku Dima wa Tayyin, katika milima ya Sharqiyah ya Kaskazini, Oman, tu wazima, na kwamba kilichonishikisha kalamu si habari ya harusi wala ya mavuno ya tende, bali ni jambo ambalo tangu tarehe 14 Aprili 2024 limeniondolea utulivu. Siku hiyo, katika wilaya jirani ya Mudhaybi, pande za Samad al-Shan, mvua kubwa ilishusha mafuriko yakalikumba gari lililochukua wanafunzi, wakafa watoto waliotoka makwao asubuhi na mikoba yao. Mwenyezi Mungu awarehemu na awape wazazi wao subira.

Wafu walizikwa na kuombolezwa kama inavyopasa. Lakini wadi, yaani mabonde makavu ambayo mvua huyageuza mito kwa muda mchache, hukatana na barabara zetu kila upande, na waliobaki hai hawana budi kuyavuka kila uchao. Nimemwona mtu mzima, dereva wa miaka mingi aliyewahi kunusurika mafuriko, ambaye wingu likitanda tu juu ya jabali hukanyaga breki ghafla kwenye barabara kavu, mikono ikimtetema, na walio nyuma wakiponea chupuchupu kumgonga. Na nimemwona mwingine, wa masaibu kama hayo, akikimbiza gari kwa ghadhabu na kuwapita wenziwe penye kona, kana kwamba uhai wake haumhusu tena. Watu walimwita wa kwanza mwoga na wa pili mwehu. Kwa rai yangu wote wawili walikuwa na maradhi yale yale, ya nafsi iliyojeruhiwa na msiba.

Matabibu wa Marekani waliyaingiza maradhi haya katika kitabu chao cha maradhi ya akili mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, na mwaka 2013 wakaongeza katika dalili zake tabia ya kujitia hatarini bila ya kujali. Askari wao waliorejea kutoka Iraq, ambako mabomu yalifichwa katika takataka kandoni mwa njia, walionekana wakiendesha katikati ya barabara za miji yao wenyewe na kukwepa maboksi matupu, kwa sababu mazoea yaliyowanusuru vitani miili yao haikukubali kuyaacha. Usingizi wa mgonjwa pia hukatika, na asiyelala usiku husinzia mchana usukanini. Harufu ya petroli au ngurumo ya radi humrudisha mtu penye msiba wake kwa nukta tatu tu, na kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, nukta tatu ni zaidi ya mita 80 ambazo gari limekwenda bila ya mwenyewe.

Huko nyumbani Unguja na Pemba, dereva akinusurika tunamsomea dua, tunamwambia ajikaze kiume, na baada ya siku chache tajiri anamtaka barabarani kwa kuwa hesabu ya jioni haingoji. Dua sisemi iachwe, hasha, lakini Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha pia kujitibu, na tiba ipo: tiba ya mazungumzo, ambayo kwayo mgonjwa husaidiwa kukikabili kidogo kidogo kile anachokikhofu, imewafaa wengi. Wala asimezeshwe vidonge vya kumtuliza kisha akapewa ufunguo, kwani vingi katika hivyo hulegeza macho na mikono.

Kwa hiyo nakuombeni, wenye daladala na mabasi: dereva wenu akitoka katika ajali, msimrudishe usukanini kwa kuwa mifupa yake imeunga. Mpumzisheni bila ya kumkatia riziki, mumuulize analalaje usiku, na jawabu lake likikutieni shaka, mpelekeni hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu, wala jina la hospitali hiyo lisikutieni fedheha, kwa maana abiria atakaowapakia kesho ni wana wenu wenyewe.

Wassalaam,
Ndugu yenu, Dima wa Tayyin